Kusoma Habari za Kesho

Katika vitabu vyote nilivyopata kusoma, hapana aina iliyonipa furaha na aibu kwa pamoja kama hadithi za sayansi, yaani hadithi za mambo ambayo hayajawa, nayo yakasimuliwa kana kwamba yamekwisha kuwa. Furaha yake sina haja ya kuieleza sana, kwani kila aliyezisoma anaijua. Aibu ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nilianza kuzisoma Musoma katika ujana wangu, nikiketi juu ya majabali ya ufukoni, upepo wa Ziwa ukinigombania kurasa. Bibi yangu alikuwa amekuja mjini kutibiwa, akaniuliza ninasoma nini hata siitiki ninapoitwa. Nikamjibu kuwa ni habari za watu waliorushwa kwa mzinga kuelekea mwezini.

"Walirushwa lini, mjukuu wangu?"

"Hawakurushwa, bibi. Ni hadithi tu, iliandikwa Ufaransa mwaka 1865. Waliokwenda kweli ni wengine, Wamarekani, mwaka 1969, nao hawakwenda kwa mzinga."

Akanyamaza kitambo. "Na huyo aliyeisimulia kabla haijawa, alikuwa amesimama wapi alipoyaona hayo?"

Nilicheka. Nilidhani ni swali la mtu asiyejua kusoma. Imenichukua zaidi ya miaka arobaini kutambua kuwa mimi, niliyejua kusoma, sikuwa nimekiuliza kitabu chochote swali lenye uzito kama lile.

Hadithi hizi zina koo nyingi kama watu wa Mara, na kama sisi, hugombana juu ya mipaka. Ziko za safari za angani, ambazo ndizo zinazojulikana zaidi na ambazo mimi nilizichoka mapema. Ziko za safari katika wakati: H. G. Wells, mwaka 1895, alimpeleka msafiri wake hata mwaka 802,701, akamkutanisha na wanadamu waliogawanyika jamii mbili, moja ikicheza juani, nyingine ikifanya kazi chini ya ardhi na usiku ikiila ile ya juu. Octavia Butler, mwanamke Mweusi wa Marekani, mwaka 1979 alimrudisha mwanamke wa Los Angeles katika utumwa wa Maryland, akatuonyesha kuwa kwa watu wengine kurudi nyuma katika wakati si matembezi. Ziko za watu wa mashine. Neno roboti lenyewe lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa mwaka 1920, nalo limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya shokoa. Ziko za uvamizi. Ziko za nchi njema na za nchi mbaya, ambazo mara nyingi ni nchi moja iliyotazamwa na watu wawili. Na ziko zile zianzazo baada ya dunia kuharibika, ambazo mimi huziita hadithi za mahame. Hizi za mwisho ndizo nizipendazo, na sababu yake itaonekana mbele.

Juu ya zile za uvamizi nitasema neno moja. Wells huyo huyo, mwaka 1898, alipowaleta watu wa Mirihi kuiteketeza Uingereza, aliwakumbusha wasomaji wake mwanzoni kabisa jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Basi alijua aliposimama, na aliwataka wenzake wajue waliposimama wao. Msomaji wa Mara, ambako Wajerumani walijenga ngome Ikoma, hana haja ya kukaza akili ili apate mfano wa wageni washukao na silaha zisizopata kuonekana. Wells aliwaandikia Waingereza kama jambo la kubuni lile ambalo kwetu lilikuwa kumbukumbu ya babu.

Lakini kitabu kilichonirudisha kwenye swali la bibi ni kile cha Jules Verne cha mwaka 1863, cha safari ya majuma matano katika puto. Ndani yake Waingereza watatu wanapaa kutoka Zanzibar, wanapita juu ya Kazeh, yaani Tabora ya leo, na kulifikia Ziwa hili letu, ambalo kitabu kinaliita Ukerewe, kisha wanaelekea kaskazini kuutafuta mwanzo wa Nile. Speke alikuwa amekwisha kuliona Ziwa tangu mwaka 1858. Lakini Verne hakupata kuliona, alilibuni kwa ramani na kwa vitabu vya wenziwe. Huko Kazeh watu wa chini wanalidhani puto kuwa ni mwezi, na wasafiri wanawapokea heshima kama watoto wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza, hila ikafichuka, wakalazimika kukimbia.

Nilicheka sana nilipolisoma jambo hilo. Kisha nikasita. Niliona kwamba tangu ukurasa wa kwanza nilikuwa nimekaa kikapuni. Nilikuwa nimeona njaa pamoja na wasafiri wale, na kiu pamoja nao, na nilipotazama chini nilitazama kwa macho yao. Waliokuwa chini wakinyoosha vidole juu walikuwa babu zangu, nami nilikuwa nimewacheka pamoja na wageni. Hapana aliyenilazimisha. Kitabu kilinikaribisha kikapuni kwa upole, nami nikapanda bila ya kuuliza nauli. Hiyo ndiyo aibu niliyoitaja.

Na kana kwamba dunia inafanya dhihaka, ndoto ile imetimia hapa hapa Mara. Kabla ya jua kuchomoza maputo hupaa katika Serengeti yakiwachukua watalii, ambao wengi wao ni wageni, watazame nyumbu kutoka juu. Lango la Ndabaka liko Bunda, kando ya barabara iendayo Musoma kutoka Mwanza. Nauli ya asubuhi moja ni mamia ya dola, fedha ambayo mkulima wa pamba wa Bunda haitoi kwa starehe ya saa moja hata mwaka wa mavuno mema. Miaka zaidi ya mia na hamsini imepita, chombo kimetoka kitabuni, na mpango wa watu haukubadilika: wapo wapandao, na wapo watazamao juu.

Mtu aweza kusema, basi tuviache vitabu hivi, si vyetu. Tena ana hoja yenye nguvu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, anakumbukwa kwa usemi kwamba mataifa mengine yanapojaribu kufika mwezini, sisi tungali tunajaribu kufika kijijini. Nimeusikia usemi huo mara nyingi ukitumiwa kumkaripia kijana aliyeshika kitabu cha nyota: kwenu mwanamke anateka maji kwa kichwa, nawe wasoma habari za Mirihi! Zamani karipio hili lilininyamazisha. Siku hizi naliona kuwa lina upungufu. Afikaye kijijini ni yule atokaye nje yake. Aliye kijijini hana safari ya kufika. Amekwisha kufika tangu kuzaliwa. Kwa hiyo kijiji nacho chaweza kutazamwa kutoka kikapuni, kama vile mwezi uwezavyo kutazamwa kutoka uani kwa mtu.

Hapa sina budi kueleza la kwangu. Mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa shule upande wa Bunda. Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji, ambayo amri yake ilitangazwa Novemba 1973 kwamba watu wote waishi vijijini kabla ya kwisha mwaka 1976. Ubaoni tulichorewa kijiji kitakachokuja: nyumba katika mistari iliyonyoka, bomba la maji, zahanati, shule, na nguzo za umeme. Ilikuwa hadithi ya sayansi ya kwanza katika maisha yangu, ingawa sikujua kuiita hivyo, na niliipenda kwa moyo wote. Bibi alipotakiwa kuhama kutoka kwenye mji aliouzikia wazazi wake na watoto wake wawili, nilimwona mkaidi. Siku walipokuja kumtoa, nami nilibeba vyungu vyake, nikiimba. Paa liliondolewa asirudi. Hakuuliza kitu siku ile. Miaka mingi baadaye, juu ya majabali ya Musoma, ndipo aliponiuliza msimulizi alikuwa amesimama wapi. Nadhani sasa kuwa hakuwa akiuliza habari za mzinga.

Nisieleweke vibaya. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo wa 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililochukua jina la mji ule: elimu ya msingi kwa watoto wote ipatikane kufikia mwaka 1977, badala ya kungojea mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Ulikuwa wakati ujao uliovutwa karibu kwa miaka kumi na miwili, kwa maneno tu, kabla ya kuwapo madawati na walimu. Wengi waliofundisha walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Tuna haki ya kulalamika juu ya elimu ile, na wengine wamelalamika kwa ufasaha mkubwa walioupata kwayo. Wadogo zangu wawili waliingia darasani kwa ajili ya azimio hilo. Siwezi kusema kuwa kuiota nchi njema ni kosa, maana nimekula matunda ya ndoto na nimebeba vyungu vya waliovunjiwa kwa ndoto, yote katika mwaka mmoja.

Basi ndoto ya haki hutambulikanaje na ndoto ya kikapuni? Waandishi wetu wamelihangaikia jambo hili kabla yangu. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliijenga nchi inayoelea hewani. Wajumbe sita wanatumwa pande zote, hata mbinguni, wanarudi na habari za mambo mema waliyoyaona, na malipo yao ni gereza. Yeye alisimama kizimbani pamoja na mshitakiwa. Katama Mkangi wa Kenya, ambaye mwenyewe alipata kuwekwa kizuizini, katika Walenisi ya mwaka 1995 alimtia mtu aliyehukumiwa kifo katika chombo cha angani, akamfikisha nchi yenye haki, ambayo jina lake ukilikata vipande lasema wale ni sisi. Na ng'ambo ya maji, Ukerewe, ambako mtu wa Bunda huvuka kwa kivuko cha Kisorya, alizaliwa Euphrase Kezilahabi, aliyeandika juu ya vijiji katika Gamba la Nyoka mwaka 1979, kisha mwaka 1990 na 1991 akatoa Nagona na Mzingile, vitabu viwili vigumu ambavyo wengi wetu husifu kuliko tunavyovisoma. Sijui kama wataalamu watakubali kuviweka katika jamii ya hadithi za sayansi. Mimi naviweka katika hadithi za mahame, wala siombi radhi.

Wote hawa hawakukataa mambo yasiyokuwapo. Walichokataa ni kuyatazama kutoka mahali pasipo na hatari. Wanuri Kahiu naye, katika filamu ya Pumzi ya mwaka 2009, alionyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, nchi ambamo tone la jasho hurudishwa likanywewe. Niliitazama Musoma, maji yote ya Ziwa yakiwa mbele yangu, na koo likanikauka.

Kuna mfano mmoja zaidi ambao hauniachi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo katika nyota, nayo ilipewa jina la Uhuru. Bahari yetu, neno letu, siku yetu. Kikapu cha wengine. Sisemi hili kwa uchungu. Neno lile lilikwenda juu, na wanafunzi wanaosoma elimu ya nyota, wa taifa lolote, hawana budi kulitamka Kiswahili.

Kwa hiyo sikuacha kusoma, na vijana waniulizao sikuwashauri waache. Nimebadili namna ya kusoma. Nifikapo mahali ambapo chombo kinatua, hushuka kwanza, nikasimama na walio chini, nikatazama nyuso za hao wanaotoka ndani. Hadithi nyingine haziwezi kustahimili jambo hilo. Zinabomoka mara moja. Nyingine huwa nzuri zaidi.

Huko Butiama, mahali alipozikwa Mwalimu mwaka 1999 panaitwa Mwitongo, neno ambalo kwa Kizanaki lataja mahame, mji wa zamani uliohamwa. Nilipita hapo mwaka jana pamoja na mjukuu wa dada yangu, kisha tukaendelea hadi kwenye mahame ya bibi upande wa Bunda. Yamebaki mawe matatu ya jikoni na minyaa iliyokuwa ua. Msichana huyu anaandika. Alinisomea sura mbili za hadithi yake: Ziwa limepanda, kama lilivyopanda mwaka 2020 lakini kupita kiasi, hata Musoma imebaki majabali tu juu ya maji, na vyombo vinakuja kutoka angani kuwachukua watu kwenda mahali pema palipokwisha kuchorwa. Wote wamepanda ila mwanamke mmoja mzee, aliyeketi juu ya jabali na vyungu vyake.

"Atapanda?" nikamwuliza.

"Sijajua, babu. Amewauliza swali, nao wameshindwa kulijibu."

Nilimwambia kuwa hesabu yake ya kina cha maji ina kasoro, na tukabishana juu ya hilo mpaka gari la kurudi Musoma lilipokuja. Sura ya tatu haijaandikwa bado.