Chai Ikishuka Bei, Fundisheni

Wenye viwanda, wenye mashamba na wenye karakana wa Lushoto na Bumbuli, nisikieni! Bei ya chai ikianguka, jambo la kwanza mnalolifuta kwenye bajeti ni mafunzo. Mnasema tusubiri hali itengemae. Ndugu zangu, msisubiri! Msimu wa shida ndio msimu wa kufundisha.

Nendeni shambani mkautazame mkono wa mchumaji aliyefundishwa. Vidole vinafuata majani mawili na chipukizi lake, vinavunja, vinatupa kapuni, jani gumu vinaliacha. Asiyefundishwa hukwapua chochote kinachojaa kiganjani, maana analipwa kwa kilo. Kapu lake ni zito, lakini chai yake hutoka kiwandani imejaa nyuzi na vijiti. Na mnunuzi wa mnadani, awe Mombasa au Dar es Salaam ambako mnada wetu ulianza 2023, haulizi mmetoka jasho kiasi gani. Anaonja, anataja bei. Soko likichangamka, hata chai hafifu hupata mtu. Likidorora, hiyo ndiyo inayokataliwa kwanza. Sasa niambieni, ni lini mnamhitaji zaidi mchumaji anayeijua kazi?

Kiwandani ni vivyo hivyo. Jani likinyauka kupita kiasi, au likichelewa kuingia kwenye kikaushio, hakuna mashine ya kulirudisha. Anayeijua saa yake ni mtu: ananusa, anatazama ukijani ukigeuka rangi ya shaba, anaamuru liingie motoni. Mtu huyo hapatikani kwa wiki moja.

Kiwanda cha chai cha Mponde tumekiona. Kiwanda kilifungwa 2013 kwa mgogoro, kikakaa kimya miaka mingi, mpaka mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wa WCF ilipoingia kukifufua. Chai isiyochumwa hugeuka miti, na ujuzi usiotumika nao humponyoka mtu vivyo hivyo. Mtambo hununuliwa, mikono ya kuuendesha lazima ifundishwe.

Mtaniuliza fedha zitoke wapi. Ni swali la haki, kwani mishahara yenyewe inawatoa jasho. Lakini mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mafunzo yawepo au yasiwepo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya 1994. Utaratibu wa uanagenzi upo, kijana anasoma chuoni na kujifunza kazini. Kaulizeni! Daini kinachowahusu!

Na kuna mafunzo yasiyohitaji hundi. Chai inapopogolewa, au kiangazi kinapolibana jani, mashine husimama. Siku hiyo fundi mkongwe aifungue mashine ya kukatia majani mbele ya vijana, nati moja baada ya nyingine, waguse beringi iliyolika, waone inavyoanza kuharibika. Jani likifurika hamtathubutu kuifungua.

Mnaogopa wakishajua wataondoka? Wapo watakaoondoka. Lakini hata sasa vijana wetu wanashuka kutoka Soni hadi Mombo kila siku, bila ujuzi wowote, kwa kuwa huku juu milimani hawaoni kazi itakayowakuza. Mungu ametupa mvua, udongo na watu wenye bidii. Tusiwaache watu hao wazeeke bila kujua zaidi ya walichokijua siku ya kuajiriwa.

Basi, kabla hamjaandika barua ya kwanza ya kupunguza wafanyakazi, waiteni mafundi wenu wawili wakongwe. Mpeni kila mmoja vijana watano na saa mbili za kila Jumatano. Anzeni Jumatano hii.