Watoto Waliokuwa Wakitembea kwa Miguu

Jumatatu, tarehe 1 Oktoba 1962, Jimmy Carter, aliyekuja baadaye kuwa rais wa Marekani, alitimiza miaka 38. Asubuhi hiyo, nyumbani kwake Plains, kitongoji cha wakulima wa karanga katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, aliacha nguo zake za ghalani akavaa suruali ya kwendea kanisani. Mkewe, Rosalynn, akashangaa, akamuuliza anakwenda wapi. Alijibu kwamba anakwenda Americus, mji mkuu wa kaunti yao, kuweka tangazo gazetini kuwa anagombea Seneti ya jimbo. Mke ndiyo kwanza anasikia.

Wakati huo Carter alikuwa mwenyekiti wa bodi ya elimu ya Kaunti ya Sumter. Baba yake, Earl, alikuwa ameipita njia hiyo hiyo: alikaa katika bodi ya shule, akachaguliwa kuingia Bunge la jimbo mwaka 1952, akafariki mwaka uliofuata. Mtoto akaacha jeshi la majini, akarudi kushika biashara ya mbegu na mbolea, na katikati ya miaka ya 1950 akapewa nafasi kwenye bodi.

Naanza na suruali ile kwa kuwa watia nia wengi ninaowafahamu hufanya alivyofanya Carter. Hushauriana na marafiki, hupiga hesabu ya kura kijiji kwa kijiji, kisha nyumbani hupeleka habari iliyokwisha kuiva. Rosalynn alimuunga mkono mumewe na akampigia kampeni kwa moyo wote. Hata hivyo, uzeeni Carter alikiri kwamba haelewi aliwezaje kukata shauri kubwa namna ile bila kumuuliza mwenzake. Ndugu yangu unayewaza kuchukua fomu, deni la kampeni hulipwa na nyumba nzima. Shamba likiuzwa, anayepikia watoto ataulizwa chakula kiko wapi. Anza kwa kuzungumza naye, tena zungumza mapema, angali na nafasi ya kusema hapana.

Hilo ni dogo. Kubwa liko kwenye bodi yenyewe.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kuvunja Katiba. Katika Sumter, kama kwingineko kusini, uamuzi huo ulibaki kwenye karatasi. Weupe walikuwa na shule zao, weusi na zao, na vitabu vya shule za weusi vilikuwa vile vilivyokwisha kuchakaa mikononi mwa weupe. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1975, Carter anasimulia jambo lililonifanya nikifunge kwa muda. Anasema alikaa katika bodi ile miezi kadhaa kabla ya kuzindukana kwamba watoto weupe walipelekwa shule kwa basi, na watoto weusi walikuwa bado wanatembea.

Mtu huyu alizaliwa pale pale. Alicheza utotoni na watoto weusi wa jirani. Barabara ni moja, anaipita kila siku na gari lake, na watoto wanatembea kandokando yake na vitabu mkononi. Kisha anaketi kwenye kikao kinachoamua habari za mabasi hayo hayo, na bado hawaoni. Simwiti mtu mbaya. Aliombwa kujiunga na chama cha weupe waliopinga watoto kuchanganywa, akakataa, na biashara yake ikasusiwa kwa muda kwa ajili hiyo. Kinachonitisha ni kwamba mtu mwema aliweza kutokuona.

Nilipata kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ambayo sitaitaja. Mjumbe mmoja wa bodi alisimama akaeleza, kwa ufasaha mkubwa, kwa nini anafaa kuwa mwakilishi wa wadi. Alikuwa mjumbe kwa miaka mitano. Mkutano ulipoisha nilizunguka nyuma ya madarasa. Choo cha wasichana hakikuwa na mlango. Kilikuwa na gunia. Nilimuuliza kama amepata kufika kule. Akaniambia, bila hila yoyote, kwamba vikao hufanyika ofisini kwa mwalimu mkuu, karibu na lango. Akaongeza kwamba mambo hayo yote atayashughulikia akishapata kiti.

Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike. Msichana wa darasa la saba hana miaka mitano ya kukungoja upande cheo. Atamaliza na gunia lake aende zake, na kitu alichojifunza kuhusu wakubwa atakwenda nacho.

Nchini Kenya, ambako bodi za usimamizi wa shule zimewekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kuna jambo jingine la kumwambia mpiga kura kwa ukweli. Katiba imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mjumbe wa bodi anayeomba kura za wadi kwa ahadi ya madarasa ya sekondari anaahidi kwa mfuko usio wake. Pengine njia ya kulipata lile darasa ni kubaki kwenye bodi na kuisumbua ofisi ya elimu kila wiki. Georgia hali ilikuwa tofauti: jimbo ndilo lililotunga sheria za shule na kutoa sehemu kubwa ya fedha, na Carter alikuwa na sababu ya haki ya kutaka kwenda Atlanta, mji mkuu wa jimbo. Jiulize kama na wewe unayo.

Jiulize pia ni nini kinachokusukuma. Mwaka 1961 Carter alipendekeza shule za weupe za kaunti ziunganishwe na za mji wa Americus, ili fedha zisitawanyike. Wapiga kura wakakataa, na majirani zake wa Plains ndio waliokataa kwa ukali zaidi, wengine wakihofu kwamba ni mlango wa kuwachanganya watoto. Aliumia sana. Mwaka mmoja baadaye akavaa ile suruali. Uchungu wa kukataliwa na watu wako unaweza kumpa mtu nguvu, lakini pia unaweza kumfanya atafute ukubwa ili wale waliomkataa wamwone. Tofauti ya mawili hayo huijua mwenyewe usiku, taa ikishazimwa.

Uchaguzi wa mchujo ulikuwa tarehe 16 Oktoba, wiki mbili tu baada ya tangazo. Kwenye kituo cha Georgetown, katika Kaunti ya Quitman, bwana mkubwa wa siasa wa pale aliyeitwa Joe Hurst alisimama mbele ya wapiga kura akiwaelekeza wamchague nani, nao walipiga kura mezani, macho yake yakiwaangalia. Waliopiga kura walikuwa 333. Karatasi zilizohesabiwa zilikuwa 420. Katika majina ya waliodaiwa kupiga kura mlikuwa na ya watu waliokufa na ya watu waliokuwa gerezani. Carter alikusanya viapo vya mashahidi, akamtafuta wakili, Charles Kirbo, akaenda mahakamani. Mwandishi wa gazeti la Atlanta Journal, John Pennington, akaufichua uchafu ule. Jaji akazitupa kura za Georgetown, na baada ya mivutano hadi siku ya uchaguzi wenyewe mwezi Novemba, Carter akashinda. Januari 1963 aliapishwa.

Nasifu uvumilivu huo. Angeweza kwenda kujaza sanduku lake mahali pengine, kama wanavyofanya wengi wanaosema mwizi huibiwa. Lakini naona na jambo jingine. Mtu alipigana kwa wiki nyingi kwa ajili ya kura chache alizoibiwa yeye, katika jimbo ambalo watu weusi wengi mno hawakuruhusiwa hata kujiandikisha. Carter anasimulia kwamba hotuba yake ya kwanza katika Seneti ilihusu maswali 30 aliyotegewa mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha, maswali ambayo hata wanasheria wangeyashindwa. Alisimama kuyapinga, akitaka yaondolewe. Dhuluma iliyompata Georgetown ilikuwa imemwonjesha kidogo tu ya ile waliyokula jirani zake tangu kuzaliwa.

Alikuwa pia ameahidi kusoma kila muswada kabla ya kuupigia kura, na inasemekana alijifunza mbinu za kusoma kwa kasi ili aitimize ahadi hiyo. Waheshimiwa wangapi leo husoma wanachokipitisha? Ukiwa kwenye bodi ya shule, jizoeze sasa. Soma taarifa ya hesabu za karo ukurasa kwa ukurasa. Asiyesoma kurasa sita za shule hatasoma kurasa mia sita za bajeti ya kaunti.

Na kabla hujatangaza nia, fanya jambo moja. Ngoja kengele ya jioni, mtafute mtoto anayeishi mbali kuliko wote, uombe ruhusa kwa wazazi wake, mfuatane naye hadi kwao kwa miguu. Usiende na mpiga picha. Utakuta mto usio na daraja, au mbwa, au kijana wa bodaboda anayemsubiri msichana njiani. Yaandike, uyapeleke kwenye kikao kijacho cha bodi, ukiwa bado na kiti hicho kidogo, na useme wazi mbele ya wazazi kwamba muda wote huu hukuwa umeyaona.

Carter alikaa katika bodi ile hadi alipoiaga kwa ajili ya Seneti, na muda wote huo shule za Sumter zilibaki zimegawanyika. Mwaka 1970 aligombea ugavana, na katika kampeni hiyo aliwabembeleza wapiga kura waliopenda ubaguzi. Alipoapishwa tarehe 12 Januari 1971, ndipo aliposema mbele ya umati kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umekwisha. Ilikuwa kauli ya ujasiri, na magazeti ya nchi nzima yaliiandika. Watoto waliokuwa wakitembea kando ya barabara alipoingia kwenye bodi walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, wengine na watoto wao.