Kumlinda Mgonjwa Siyo Kumwacha

Korona ilituachia swali ambalo bado hatujalijibu: ukimwepuka mgonjwa ili umlinde, umempenda au umemwacha?

Nawafikiria wagonjwa wa kansa. Machi 2020 Uganda ilisimamisha mabasi, taksi na bodaboda za abiria. Hata gari la mtu binafsi lilihitaji ruhusa ya RDC. Sasa mgonjwa wa hapa Nakivale anayetibiwa Mulago, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda, ana safari ya zaidi ya kilomita 250. Siku ya kemo inafika, barabara imefungwa. Mwezi wa 4 posho nayo ikakatwa asilimia 30. Mambo ya barabara na posho tuliyazungumza sana. Moyo wa mgonjwa, nani aliuzungumzia?

Tuseme ukweli: kemo hupunguza seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Mgeni mmoja mwenye kikohozi angeweza kumuua. Kwa hiyo anayesema "mimi nampenda, lazima nimkumbatie" anajipenda mwenyewe. Hapo sina ubishi na madaktari.

Lakini watu hawakuishia kwenye mita mbili. Waliacha kwenda, halafu wakaacha hata kupiga simu. Kwani simu inaambukiza? Kumbe kansa ilikuwa inaogopwa tangu zamani. Wengine wanasema ni laana, wengine wanainong'ona tu, kama vile jina lenyewe lina ugonjwa. Korona ikaupa woga huo sababu yenye heshima. Ndiyo maana mimi sipimi upendo kwa umbali. Napima hivi: mguu ulipozuiwa, ulipeleka nini badala yake?

Wapo waliopiga simu, Mungu awabariki. Ila wengi walisema, "Jikaze mama, Mungu yupo," wakakata. Mungu yupo kweli. Lakini neno zuri likisemwa haraka linamfunga mgonjwa mdomo. Yeye alitaka kusema kwamba anaogopa kufia ugenini, azikwe na watu wachache wenye barakoa, ndugu zake wa Fizi au Masisi wasijue hata kaburi liko wapi. "Jikaze" inamwambia: hayo usiniambie. Kubeba unga wa mgonjwa ni kazi, lakini kubeba woga wake bila kumkatiza ni kazi kubwa zaidi.

Na kuna jambo jingine: mgonjwa mwenyewe hakuulizwa. Mtu aliyekimbia vita na watoto mgongoni, akachagua mwenyewe kati ya njia ya askari na njia ya msituni, leo kwa sababu ana kansa watu wanaamua juu yake kama mtoto. Anayejua hatari na ana akili zake timamu ana haki ya kuulizwa: "Unatakaje? Nije nikae pale chini ya mwembe, wewe ukae mlangoni, tuongee?" Akisema hapana, mheshimu. Akisema ndiyo, vaa barakoa uende.

Sisi wa Kivu tuliijua Ebola kabla ya korona, na magonjwa mengine yatakuja. Kabla amri nyingine haijafika, kila mtaa ujue wagonjwa wake ni akina nani. Halafu tuwaulize, mmoja mmoja, wanataka tukae nao vipi.