Mizani Mbili kwa Wafalme Wawili

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Tunduma, aliye kidato cha tano, alituletea insha yake ya historia tuisome kabla hajaipeleka kwa mwalimu. Alitakiwa kulinganisha wafalme wawili waliotawala bila mtu wa kuwazuia. Akamchagua Louis wa 14 wa Ufaransa na Kabaka Mwanga wa Buganda. Mwandiko safi, lakini tulipomaliza tulibaki tukitazamana. Louis ameitwa mjenzi wa taifa, Mwanga, katili.

Ni kweli Mwanga aliua. Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri yake Oktoba 1885, na tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi, Waanglikana na Wakatoliki, walichomwa moto Namugongo. Twawakumbuka kila mwaka, wala hatutaki mtu aipunguze damu ile.

Lakini Oktoba 1685, miaka 200 kamili kabla ya kifo cha Hannington, Louis aliifuta amri ya babu yake iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu. Makanisa yao yalibomolewa, wachungaji wakafukuzwa, maelfu kwa maelfu wakakimbia nchi. Wanaume waliokamatwa njiani walipelekwa kupiga makasia merikebuni. Haya kijana aliyaandika kwa mstari mmoja, baada ya ukurasa mzima juu ya jumba la Versailles. Ati ndivyo kitabu chake kilivyo! Sisi wa mpakani, mtu akinunua mahindi kwa mizani moja na kuuza kwa nyingine, twajua jina lake.

Kuna jambo gumu zaidi. Mwanga alikuwa kijana bado, tena alikuwa na sababu ya kuogopa: mwaka ule wa 1885 Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi upande wa pwani, naye Hannington alikuja kwa njia ya mashariki. Louis alikuwa na miaka 47, na hapakuwa na ufalme wenye nguvu kupita wake Ulaya. Je, hofu yapunguza hatia? Mmoja wetu alisema ndiyo, kidogo. Mwingine akakataa: vijana wa Namugongo hawakuwa Wajerumani. Tulibishana hata chai ikapoa. Twaona huyu wa pili ana haki. Ila wa kwanza asinyamazishwe, maana asiyeijua hofu ya Mwanga atamdhania mnyama tu, na mnyama hapelekwi hukumuni.

Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa katika Kanisa Anglikana kwa jina la Danieli. Kijana hakulijua hilo, akauliza aliweke wapi. Tulimwambia aliandike mwishoni, bila kuongeza neno.

Ameziandika upya kurasa tatu. Versailles imebakiwa na nusu ukurasa.