Kidonge cha Nyanya

Chombo huingia Siyu, kisiwani Pate, maji yakijaa. Yakipwa, mkondo ule wa mikokoni haupitiki, na mgonjwa wa kupelekwa Hospitali ya King Fahd mjini Lamu huenda akalazimika kungoja. Kwa hiyo kisa hiki cha mfano nimekiweka huko.

Mkwezi mmoja aliteleza mnazini asubuhi, kichwa kikagonga kisiki. Alizimia kidogo, akaamka, akaomba maji, akazungumza na wenziwe. Baadaye kichwa kikamuuma, akatapika, usingizi ukamchukua. Mjomba akamshika kiwiko cha mkono: mapigo mazito, ya polepole. "Moyo umetulia. Mwacheni mwanangu apumzike." Mashine ya jirani ikaonyesha presha 190 kwa 100, na nyanya, kwa huruma tupu, akamnywesha kidonge chake cha presha. Maji ya adhuhuri yakajaa, yakapwa, kijana yu kitandani. Walipopata maji mengine ilikuwa usiku wa manane, na pumzi zilikuwa zimeshaanza kukatika. Hakufika Lamu.

Moyo ule haukuwa umetulia. Fuvu halitanuki; mshipa ukivuja ndani yake, damu hiyo huubana ubongo hata damu safi ishindwe kupenya. Ubongo ukikosa damu huamrisha presha ipande ili damu ipenyezwe kwa nguvu, na presha ikipanda hivyo, moyo hupunguza mwendo. Daktari Harvey Cushing wa Marekani alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20. Presha ile ndiyo iliyokuwa ikimtetea kijana; kuishusha nyumbani ni kuunyima ubongo damu kidogo iliyobaki. Tena jeraha kubwa la kichwa humwaga adrenalini nyingi mwilini, ikaweza kuulegeza moyo mzima wa kijana, mapigo yakavurugika na mapafu yakajaa maji.

Basi aliyegonga kichwa akazimia, hata kwa muda mfupi, asafirishwe kwa maji ya kwanza yanayopatikana, shingo isipindwe, asiachwe peke yake, wala asinyweshwe dawa ya mtu mwingine. Safari inaweza kuendelea kutoka Mokowe, upande wa bara, hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo kila saa ina thamani. Na aliyepona aendelee kupimwa presha kila mwaka: utafiti wa Boston uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba walioumia kichwa, hata kwa jeraha dogo, walipatwa zaidi na presha na maradhi ya moyo miaka iliyofuata.