Uwezekano wa Maporomoko na Wajibu wa Mwenye Kujua

Milima ya Livingstone, inayoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya Ziwa Nyasa karibu na Matema, ni ukingo wa Bonde la Ufa, na kwa kuwa miteremko yake ni mikali na Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, udongo ulioshiba maji huweza kuachana na mwamba na kuporomoka. Wataalamu hukadiria hatari ya namna hii kwa modeli, yaani mfumo wa hesabu unaolinganisha sehemu zilizowahi kuporomoka na zilizosalia, kwa kuzingatia mwinamo, aina ya miamba, mvua na uoto, kisha huipa kila sehemu ya ramani namba kati ya 0 na 1.

Namba hiyo ikiwa 0.3, maana yake ni kwamba kati ya miteremko kumi inayofanana kwa sifa zilizopimwa, takriban mitatu huporomoka katika kipindi kilichokadiriwa. Inahusu kundi, ilhali mkazi ana nyumba moja tu, na anayeamini kwamba hatima yake imo mikononi mwa Mungu ana haki ya kuuliza hesabu ya kundi inamdai nini.

Katika mwambao huu, ambao wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri waliufikia mwaka 1891, swali hilo hujibika kwa Biblia yenyewe. Katika Luka 13, Yesu, ingawa anawaita wote watubu, anakana kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Kwa hiyo maafa si ushahidi wa dhambi ya aliyekufa. Kumbukumbu la Torati 22, nayo, inamwagiza mjenzi aweke ukuta wa ukingo juu ya dari, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Mjenzi hajui nani ataanguka, wala kama yupo. Hatari yenyewe inatosha kumwajibisha.

Hata hivyo, wajibu huo una vipimo. Kutoa tahadhari wakati wa masika hugharimu kidogo, hivyo uwezekano mdogo unatosha kuidai. Kumhamisha mkulima kutoka kwenye migomba na mikakao yake humnyang'anya riziki, hivyo kunahitaji hoja nzito zaidi na ridhaa yake. Tope la Mlima Kawetere lilipofukia nyumba huko Itezi, jijini Mbeya, mwezi Aprili 2024, swali la nani alikosea mbele za Mungu halikuwa na faida kwa walio hai. Lenye faida ni kama walio na ramani wameifikisha kwa walio chini ya mlima, kwa sababu mtu aliyeficha alichokijua hawezi baadaye kukiita mapenzi ya Mungu.