Dhahabu ya Kilwa

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi wanasema kwamba mtu akisali katika ardhi iliyoporwa, sala yake inasihi, lakini dhambi ya kukaa pahali pa dhuluma inabaki shingoni mwake. Nilisomeshwa hayo chuoni Wete nikiwa mtoto, nikayaona ni maneno ya vitabuni tu, kwani nani angekwenda kusali katika shamba la wizi na misikiti imejaa tele? Utu uzima ndio ulionionyesha uzito wake. Swali si la sala peke yake. Je, kitu kizuri chaweza kusimama juu ya dhuluma, na bado kikawa kizuri?

Mwaka 2018 ukoo wetu ulikutana Lisbon, nchini Ureno. Sisi ni watu wa Pemba tuliotawanyika: wengine wako Maskati tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine Uingereza, na sisi tuliobaki na mikarafuu yetu. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi Lisbon, naye ndiye aliyetukusanya. Ya safari sitayasimulia. Vilima vya mji ule na magoti ya dada yangu havikupatana, na itoshe hivyo.

Katika jumba lao la makumbusho ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga, kimewekwa chombo cha ibada ya Kikatoliki cha dhahabu tupu iliyopambwa rangi, kimo chake sentimita 73. Mitume 12 wamepiga magoti ndani yake, na kila mmoja ana uso wake. Kilimalizika mwaka 1506, na kitakoni mwake pameandikwa waziwazi kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kodi! Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 na mizinga yake, akamtisha mtawala wake mpaka akatoa dhahabu. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, akaipora Kilwa, kisha akaitia moto Mombasa. Neno la Kiswahili la kodi ya namna hiyo tunalo, nalo si kodi.

Nilikitazama kwa muda mrefu. Ni kizuri. Nalisema hilo bila ya kusita, kwani kuukana uzuri wake kwa sababu ya hasira ni uongo, na uongo hauwarejeshei watu wa Kilwa hata chembe ya dhahabu yao.

Binti wa marehemu kaka yangu, aliyezaliwa Uingereza, alinivuta mkono. "Ami, si chetu hiki? Kwa nini kisirudishwe?"

"Chetu sisi nani?" nikamwuliza.

Sikumwuliza kwa kejeli. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyuma ya Sofala, ikachimbwa na watu wa nyanda za Zimbabwe, na masultani wa Kilwa wakatajirika kwa biashara na ushuru wake. Sisi Wapemba hatukuichimba wala hatukuitoza. Kinachotuunganisha nayo ni kwamba tunaujua uchungu wa kunyang'anywa, na mwenye uchungu huo husahau upesi kwamba naye pengine alikuwa na mkono.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Dada yangu hajasamehe mashamba ya babu yaliyotwaliwa baada ya Mapinduzi na kugawiwa watu eka tatutatu. Usiku ule, baada ya kula, aliyataja yote kwa majina, na mipaka yake. Binti yule akauliza: mikarafuu hiyo ilipandwa na nani? Ilipandwa na watumwa, maana utumwa haukufutwa kisheria Unguja na Pemba ila mwaka 1897. Akauliza tena: waliitwa nani? Dada akafikiri sana, akakumbuka majina mawili.

Mimi sikubaliani na wale wasemao kwamba, kwa kuwa babu zetu nao walidhulumu, basi hatuna haki ya kuwadai Wareno. Deni langu kwa jirani halifuti deni la mtu mwingine kwangu. Hesabu hizi ni mbali mbali, na kila moja ina mwenyewe.

Lakini Wareno wana jambo moja: waliandika. Walifanya hivyo kwa majivuno, sikatai, ila maandishi yale leo ni ushahidi juu yao. Sisi tunawapeleka wageni kwa fahari kwenye magofu ya Mkama Ndume pale Pujini. Wazee husimulia kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome ile huku wakisota chini kwa makalio. Tunaisimulia hadithi hiyo tukicheka. Nimerudi Pujini mara mbili tangu safari ile, na mara zote mbili nimeyatazama mawe nikijaribu kukisia uzito wa moja, na umbali wa kutoka lilikochimbwa.